Mkungu mwekundu na vuli isiyo vuli

Watafsiri wana mazoea ya kuyaita "vuli" yale majira ya Ulaya na Marekani ambayo majani hugeuka rangi na kupukutika. Kwa mtu wa Tanga neno hilo linapotosha. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mvua hizo huchipuza majani, hazipukutishi kitu. Kwa hiyo humu yao nitayaita majira ya kupukutika, ili tusigongane.

Tanga haina majira hayo, ila ina mkungu. Ule mti wa pwani wenye matawi yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa, unaotupa kivuli na kungu zake mbele ya nyumba za watu. Majani yake ni mapana, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 25, na kabla ya kuanguka hugeuka manjano, rangi ya chungwa, kisha wekundu wa damu ya mzee. Mara nyingi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, na kila mkungu una ratiba yake: mmoja umevaa nyekundu, jirani yake hatua kumi mbele bado ni kijani kibichi. Uwezekano ni mkubwa zaidi wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, masika hayajaingia.

Kwa nini hautii kalenda moja kama miti ya Ulaya? Kule miti husoma urefu wa mchana na baridi. London, mchana mrefu kuliko yote wa mwaka huuzidi ule mfupi kwa karibu saa 9. Tanga tofauti hiyo ni kama dakika 35 tu, na baridi ndiyo hakuna kabisa. Kinachoamua zaidi huku ni maji na umri wa jani lenyewe.

Ndani ya jani, kazi ni ileile kokote. Umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, huharibika kila siku na kutengenezwa upya. Mti ukiamua kuliacha jani, unaacha kuutengeneza, unazivunja protini zilizouzunguka na kuirudisha naitrojeni shinani. Kijani kikishuka, manjano yanaonekana. Hayakuja leo, yalikuwemo tangu mwanzo, na ni ya jamii ileile ya karotenoidi inayoipa rangi karoti na embe lililoiva. Nyekundu ndiyo mgeni. Hiyo ni anthosianini, na jani huitengeneza kwa sukari katika siku zake za mwisho. Wataalamu wanabishana bado juu ya sababu, lakini maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba ni mwavuli: inazuia jua kali lisiunguze seli wakati mti unahamisha mali yake. Ndiyo maana jani lililofunikwa na jenzake huwa jekundu upande uliopigwa jua tu, na pale palipokuwa na kivuli panabaki manjano.

Shika jani jekundu kwenye kikonyo, livute taratibu. Linatoka lenyewe na kuacha kovu safi, kama kifuniko kilichofunguliwa, kwa sababu mti umeshajenga tabaka la kulikata. Jaribu jani la kijani: linang'ang'ania na kuchanika. Jani lenye kingo kavu za kahawia huku katikati ni kijani halihesabiki hapa. Hilo limeunguzwa na chumvi ya upepo wa bahari, na miti inayoelekea maji huwa nayo mengi.

Ukitaka kuona rangi zilizofichika, katakata majani mawili ya kijani vipande vidogo, uviponde kwenye glasi na kumimina spiriti iliyovifunika tu. Weka glasi hiyo ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika 30. Usiiweke kwenye jiko: spiriti hushika moto. Kisha ning'iniza ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha yake iguse maji hayo ya kijani, na usubiri saa moja. Rangi zitapanda na kuachana, manjano ikitengana na kijani. Ukizidisha spiriti rangi inapauka usione kitu. Ukitumia karatasi ya chooni inalowa na kukatika. Na usichague mchicha mwekundu ukidhani utaona anthosianini. Wekundu wake ni betalaini, kitu kingine kabisa.

Kwa picha, nenda Raskazone au mtaa wowote wa pwani wenye mikungu, saa moja hadi saa tatu asubuhi, ukasimame jani likiwa kati yako na jua. Jua likiwa mgongoni mwako rangi hufifia.

Halafu panda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Kule mambo ni kinyume: nyekundu ni ya utotoni. Mdalasini ukichipua, majani machanga hutoka mekundu yanayong'aa, na baadaye hugeuka kijani. Mwembe wa uwanjani kwako hufanya hivyohivyo kwa zambarau, majani yakining'inia kama yamenyauka. Hayajanyauka, usiyamwagilie kwa hofu. Kwenda Amani epuka masika, njia inateleza.

Aliye na safari ya mbali apange tarehe kwa uangalifu. Hifadhi ya Algonquin, Kanada, miti ya mipo (maple) hupamba moto mwishoni mwa Septemba. Vermont, Marekani, ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, milimani kwanza. Bustani ya miti ya Westonbirt, Uingereza, ni Oktoba. Kyoto, Japani, ni nusu ya pili ya Novemba. Nyekundu nzuri hutaka mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Barafu ikiwahi, majani hufa yakiwa kahawia.

Na ukipita mashamba ya michungwa ya Muheza ukakuta majani ya zamani yamegeuka manjano, yakabakiza pembetatu ya kijani karibu na kikonyo, usifurahie. Mti huo umepungukiwa na magnesi. Yakiwa ni majani machanga yaliyo manjano yenye mishipa ya kijani, shuku upungufu wa madini ya chuma.