Siku moja gereji: Hilux ya nyanya inayotetemeka ukikanyaga breki

Watu wakisikia fundi gari wanawaza mtu mchafu, muongo, anayekubadilishia spea mpya akakuwekea mbovu. Waongo wapo sikatai, hata mimi nikikwambia "njoo kesho asubuhi" we njoo mchana. Ila acha niwasimulie siku yangu ya jana halafu mniambie kama hela yetu ni ya bure.

Saa 11 na nusu alfajiri nimeamka, chai na maandazi mawili kwa mama ntilie, saa 1 nishafungua gereji hapa Tabata. Gereji yenyewe ni mwembe, bati na kontena la vifaa. Mpaka saa 3 nishamwaga oili IST mbili na kubadili plagi za Noah, hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 3:20 ikaingia Hilux ya mzee mmoja anayeleta nyanya kutoka Ilula, Iringa. Shikamoo mzee, marahaba, hata hajashuka vizuri: "Fundi, ukikanyaga breki usukani unatetemeka kama una degedege, ila usihangaike, ugonjwa naujua, ni alaimenti."

Alaimenti ni kunyoosha tairi zielekee sawa. Nikamuuliza ushaifanya mara ngapi. Mara mbili. Na balansi, kusawazisha uzito wa tairi. Na tairodi endi zote, zile ncha zinazounganisha usukani na tairi. Na diski za mbele mpya, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi za breki, miezi miwili nyuma. Sasa mzee, alaimenti mara mbili na haijapona, tufanye ya tatu? Akakunja uso.

Nikamwomba funguo tukaingia barabara ya Mandela. Spidi 80 bila kugusa breki gari imetulia, usukani unaushika kwa kidole kimoja. Hapo balansi ishajitoa yenyewe, maana tairi lisilo na balansi linatetemeka kwa spidi tu, halisubiri ukanyage breki. Nikagusa breki kidogo, ikaanza: usukani kushoto kulia kushoto kulia, pedeli inanigongagonga soli ya kiatu. Tukakata njia ya ndani isiyo na watu, nikaenda polepole nikavuta hendibreki kidogo kidogo, kimya. Hendibreki inashika dramu za nyuma, kwa hiyo nyuma wazima, mgonjwa yuko mbele. Muda wote huo mzee ananisimulia mjomba wake mwenye diploma ya magari.

Tumerudi, jeki, fungua tairi. Nati 6 zimekazwa kama mtu aliruka juu ya spana, dogo wangu alitoka jasho. Pedi ya ndani imeisha, ya nje bado nene, yaani pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zimekauka, kalipa haitembei. Nikatoa saa ya kupimia, ile yenye sumaku, nimeinunua kwa mkopo wa kikoba na sijamaliza kuulipa, nikaibana diski kwa nati zake, nikagusisha ncha ya saa usoni pa diski nikaizungusha diski taratibu kwa mkono. Mshale wa saa ukacheza 0.18 ya milimita, yaani diski inayumba. Mimi ikipita 0.05 siachii gari.

"Hiyo pointi sifuri ndo kitu gani?"

"Kama nywele mbili hivi mzee, ukizilaza pamoja."

"Nywele mbili ndo zinitetemeshe mimi na nyanya zote zile?"

Nikaivua diski nikamuonyesha. Uso wa habu, pale diski inapokalia, una magamba ya kutu, aliyefunga diski mpya alizipachika juu ya kutu hivyo hivyo. Diski ikakaa upande kidogo tu, ila kila mzunguko inabusu pedi sehemu ile ile, pale panalika, unene wa diski unakuwa si sawa. Ndo maana mwanzo, diski zikiwa mpya, alikuwa anasema imepona na baada ya wiki kadhaa ikarudi. Ongeza na mteremko wa Kitonga, anashuka na mzigo mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, eti gia ndogo inakula mafuta. Jamani, ukishuka na gia huku mguu hauko kwenye mafuta gari haili kitu!

Akasema basi nikanunue diski nyingine. Nikamwambia hapana, kima cha mwisho cha unene kimeandikwa kwenye diski yenyewe, nyama bado ipo, tunachonga zote mbili. Hapo ndo akaanza kunishuku, fundi anayekataa kuuza spea lazima ana lake.

Tukaenda kwa fundi mashine Gerezani, diski ya kwanza imeisha, ya pili iko katikati umeme ukakatika. Nikakaa pale, wali maharage, joto, mzee ananipigia kila baada ya dakika kumi kuuliza umeme umerudi, kama mimi ndo nauzima. Uliporudi ilishakuwa jioni, saa ngapi sijui, simu nayo chaji ilishaisha. Kurudi Tabata foleni. Tukasugua habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, pini nikazipaka grisi, pedi mpya, nikapima tena: 0.03. Nati nikakaza kwa kupishana, moja na ya upande wa pili yake, mgongo haunyooki, dogo ananimulikia tochi anasinzia.

Kujaribu ikabidi tusubiri foleni ipungue. Spidi 80, nikakanyaga. Chupa ya maji ya mzee kwenye dashibodi, maji hayakutetemeka. Nikakanyaga tena, makusudi.

Mzee kimya mpaka tumefika gereji. Halafu: "Kwa hiyo 70,000 ya kusugua kutu?"

Hela ya pedi na ya mashine alishalipa, hiyo ilikuwa ya kwangu na dogo. Tulibishana mpaka mama ntilie akafunga. Akatoa 50,000 na ahadi ya sado la nyanya akirudi kutoka Ilula. Nikachukua daftari la madeni nikaandika kwa mwanga wa tochi: Hilux ya mzee, elfu 20 na nyanya sado moja.