Nilivyochagua rangi za boti ya faiba ya mwaka 1978

Kila aliyeiona boti yangu juu ya trela pale gereji, Majengo, Moshi, alikuwa na rangi yake mfukoni. Nyeusi ya kung'aa, ile ya magari ya viongozi. Bluu, eti kwa sababu boti ni ya majini. Kijana wa stika akanionyesha kwenye simu duma anayeruka: "Dada, huyu anaanzia omo mpaka tezi, watu watageuka." Omo ni mbele ya boti, tezi ni nyuma. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza boti inakwenda kuelea wapi. Inaelea Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960, ambako Kikuletwa na Ruvu zinaingia na tope lao, jua halina huruma, na wavuvi wa perege wako kazini kabla hakujapambazuka. Rangi inayofaa gari la harusi haifai pale.

Niliinunua Tanga bila mashine, futi kumi na sita, faiba ngumu ya zamani. Kazi ya kubadilisha mbao ya tezi na kuziba nyufa siielezi, fundi yeyote wa faiba anaijua. Watu wanakwama kwenye rangi, kwa sababu kila mtu anadhani rangi ni macho tu.

Kabla ya kuwaza rangi mpya, tafuta ya kwanza. Boti ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya nyumba kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila mwenye nayo aliongeza ya kwake. Nilifungua vyuma vya kufungia kamba pale omo, na chini yake, mahali ambapo jua halijawahi kufika, nikaikuta krimu ya kiwandani, laini, bila unga wala ufa. Tulipobandua tabaka za juu ubavuni ukajitokeza mchirizi wa mistari mitatu. Stika zilishatoka siku nyingi, lakini zilikuwa zimekinga faiba isipauke, kwa hiyo kivuli chake kilibaki, kinene kwa nyuma na kikienda kikichongoka hadi omo. Aliyeichora boti hii alijua alichokuwa akifanya. Ule mchirizi unafuata ukingo wa boti unavyopanda, na boti inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Niliufunika na karatasi kubwa, nikauchora wote kwa penseli kabla msasa haujaula. Ukikuta kivuli cha namna hiyo kwenye boti yako, chora kwanza. Ukishapita msasa umekwenda.

Sikutaka kubishana na washauri kwa maneno. Nilichukua vipande vya faiba vilivyobaki kwenye ukarabati, nikapaka kila kimoja rangi yake: nyeusi, bluu, kijani, krimu, rangi ya chungwa. Mchana nikavilaza juani. Cheusi kilikuwa kikaango, mkono haukai. Krimu kilishikika. Hili si suala la starehe tu. Resini ya polista, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, ikipata joto kali inalegea kidogo, na baada ya muda mfumo wa nyuzi za faiba unaanza kujichora juu ya rangi, pamoja na kila kiraka ulichokizika. Boti ya umri huu ina viraka. Tena rangi nyeusi ya kung'aa inaonyesha kila bonde na kila tuta ubavuni.

Kisha nikavipeleka Lang'ata, kijiji cha wavuvi kando ya bwawa. Nilimwamkia mzee mmoja mvuvi, nikamweleza shida yangu, akakubali kwenda navyo mbali kidogo akivinyanyua kimoja kimoja huku mimi nimesimama ufukweni. Bluu na kijani vilimezwa na maji mapema sana. Krimu ilionekana vizuri, na ya chungwa ilionekana hata pale ambapo sikumwona tena mzee mwenyewe ameshika nini. Aliporudi akaniambia, "Binti yangu, siku mashine ikikuzimikia katikati huku, rangi ndiyo itakayokuitia watu." Basi. Krimu mwilini, mchirizi wa kahawia na chungwa kwa umbo lake la zamani, na upande wa ndani wa omo, unaoonekana ukiwa umesimama unapunga mkono, chungwa tupu.

Sasa niseme kuhusu fundi wa kwanza, maana ushauri wake bado unaniudhi. Huyu ni wa magari, na kwenye magari ni hodari kweli. Alitaka kuanza na msasa moja kwa moja. Nikamwambia boti imepakwa polishi miaka mingi, akasema msasa utaiondoa. Nikamwomba ajaribu kwenye mfuniko wa sanduku la mbele tu, tuone. Akapiga msasa safi kabisa, akafuta vumbi, akapaka. Ndani ya dakika chache rangi ikaanza kukimbia yenyewe, vijishimo vya duara vikajaa mfuniko mzima, kila kimoja kina doa tupu katikati. Akapaka tena juu yake, vikafunguka palepale. Alilaumu thina, akalaumu hewa ya kompresa ingawa hakuwa ametumia kompresa. Kumbe ni silikoni ya polishi. Ukiipiga msasa kabla ya kuiosha unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na rangi haikai juu ya silikoni. Dawa yake ni rahisi: sabuni na maji kwanza, kisha vitambaa viwili, kimoja kimelowa thina, kingine kikavu kinachofuata palepale kabla thina haijakauka, na vyote unavibadilisha mara kwa mara. Mashuka meupe ya mitumba kutoka soko la Memorial yanafaa sana, hayaachi nyuzi. Msasa unakuja baada ya hapo. Mfuniko ule ulisafishwa upya kwa utaratibu huu, na hauna hata kijishimo kimoja.

Rangi niliyotumia ni 2K, yenye dawa yake ya kukaushia. Dawa hiyo ina isosianati, inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kwa hiyo nilikataa kupuliza. Tulipaka kwa mkono: mmoja anatangulia na rola ndogo ya sponji akitandaza rangi nyembamba, mwenzake anafuata nyuma na brashi laini, anaipitisha juu juu bila kuikandamiza. Rangi inajilaza yenyewe. Barakoa za vichujio tulivaa hata hivyo, na glavu. Tulianza asubuhi mapema kabla upepo wa Moshi haujaamka na vumbi lake.

Kuchanganya krimu kulinigharimu uvumilivu. Dukani wanajua namba za rangi za magari, na nyeupe ya Toyota, 040, wanayo ya kumwaga, lakini ukiiweka karibu na kipande changu cha kiwandani inaonekana ya ubaridi. Tuliongeza njano ya udongo kidogo kidogo na tone la kahawia. Kila mara nilitoka nayo nje juani, maana chini ya taa ya duka zilifanana wakati nje hazifanani kabisa. Nunua yote kwa mkupuo mmoja, mchanganyiko wa pili hautakuwa ule. Rangi, praima na thina vilikula kama laki sita na ushee, nusu yake ni praima.

Kilichonipa raha kuliko vyote ni mstari wa maji. Maji ya Nyumba ya Mungu yanaacha alama ya tope kwenye rangi nyepesi, kwa hiyo nilitaka bendi ya kahawia pale yanapogusa. Wengi wanashika tepu ya upana mmoja, wanaizungusha boti kwa jicho, na ikishuka majini bendi inaonekana imepinda. Mimi niliishusha majini kwanza kabla ya rangi, mashine, betri na tangi la mafuta vikiwa mahali pake, nikaweka alama omo na kwenye pembe mbili za tezi. Gerejini tukaiinua kwa jeki mpaka alama zote zikawa levo moja, kwa kutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji, ule wa mafundi waashi wa kupimia msingi. Maji ndani ya mpira hayadanganyi. Ncha moja inakaa kwenye alama ya omo, nyingine unatembea nayo ubavuni ukiweka nukta kila shubiri. Mstari wa chini nikaupandisha sentimita chache juu ya alama, kwa ajili ya uzito wa abiria, na wa juu nikaupima kwa mpira uleule. Pale ubavu unapolala, karibu na omo, bendi inatoka pana zaidi juu ya faiba, lakini ukiitazama ikiwa majini ni upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi mwenyewe alikuja kuipiga picha. Tepu ya karatasi iondoe wakati rangi haijakauka kabisa, la sivyo inang'oa kingo.

Jina ni NGAMANI, kutoka kwenye methali enda tezi na omo, marejeo ni ngamani; ngama ni sehemu ya ndani chini ya chombo yanapokusanyika maji. Kijana wa duma ndiye aliyelikata, na alilikata vizuri. Alitaka herufi za kulala. Nilimchorea boti pande mbili: ubavu wa kulia herufi zinaegemea omo, boti inakwenda, ubavu wa kushoto herufi zilezile zinaegemea tezi, kana kwamba boti inarudi nyuma. Akakubali, tukaweka zilizosimama, nene, za kahawia. Nyekundu niliikataa, jua letu linaifanya ya waridi upesi. Tulisubiri rangi ikauke wiki kadhaa ili isitoe hewa chini ya stika, tukabandika kwa maji ya sabuni tukisukuma mapovu kwa kipande cha plastiki kilichofungwa kitambaa. Mbele ya jina niliacha nafasi tupu ya namba ya usajili ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Usiipambe sehemu hiyo kwa chochote, namba inatakiwa isomeke kutoka mbali.