Kudai fidia ya jeraha la usoni: nilivyofuatilia hapa Tabora

Nimefuatilia fidia ya mdogo wangu aliyeumia usoni akiwa abiria wa bajaji iliyogongwa na gari dogo Tabora mjini. Alichanika kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni, mfupa wa shavu ukavunjika, meno mawili ya mbele ya juu yakang'oka. Bima ya gari lililogonga ililipa. Ninaandika kwa sababu wengi wa huku kwetu, Tabora na Kigoma, hurudishiwa hela ya dawa na nauli tu, halafu sura waliyopoteza hailipiwi hata shilingi. Inaniuma, kwa kuwa mara nyingi haki ilikuwepo ila makaratasi hayakuwepo.

Shida ya uso ni kwamba unapona haraka. Nyuzi za usoni hutolewa kati ya siku ya tano na ya saba, uvimbe unashuka, na anayekuja kukadiria madai baada ya miezi kadhaa anaona mstari tu. Maumivu, mfupa uliobonyea, ganzi na jino lililotoka lazima viwe vimeandikwa na mtu mwenye mamlaka ya kuandika, tena mapema.

Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Inatolewa bure. Kama majeruhi anavuja damu, apelekwe hospitali moja kwa moja na ndugu mwingine aende polisi kuichukua. Sehemu ya daktari ndiyo yenye uzito. Siku ya ajali daktari ana wagonjwa wengi, anaandika "kidonda cha kukatwa usoni" na kugonga muhuri. Maelezo hayo yanatosha kushonwa, kudai hayatoshi. Mwombe kwa heshima: "Daktari, naomba utuandikie na urefu wa jeraha kwa sentimita, upande gani, na meno yaliyotoka kwa namba zake." Meno mawili ya katikati juu ni namba 11 na 21, na ukiona namba hizo kwenye ripoti hakuna wa kubisha baadaye kuwa yalikuwa magego mabovu ya nyuma kinywani. Aandike pia kama kope, ukingo wa mdomo au sikio vimeguswa, kama jeraha limefika kwenye mfupa, na kama jicho linaona vizuri. Kanuni ya Adhabu inahesabu kuharibika sura kwa kudumu kuwa dhara kubwa, kwa hiyo aina ya dhara ambayo daktari anaiandika hufika mpaka kwenye hati ya mashtaka. PF3 yenyewe inarudi kwenye jalada la polisi. Itoe nakala pande zote mbili kabla hujaikabidhi.

Mfupa wa shavu ndio unaosahaulika zaidi. Siku za mwanzo uso umevimba, kubonyea hakuonekani, mgonjwa anashonwa na kuruhusiwa. Dalili za kuulizia ni ganzi chini ya jicho, pembeni ya pua na kwenye mdomo wa juu, kuona vitu viwili viwili, na mdomo kushindwa kufunguka vizuri. Ganzi hiyo inatokana na mshipa wa fahamu unaopita chini ya tundu la jicho, na mfupa ukivunjika pale huubana au kuukwaruza. Ukiona mojawapo omba eksirei ya mifupa ya uso, na penye uwezo kipimo cha CT (picha za kompyuta za tabaka kwa tabaka), maana kinaonyesha mipasuko ambayo eksirei inaificha. Usisubiri. Baada ya wiki mbili tatu mfupa unaanza kuunga ulivyokaa, na kuurudisha inakuwa kazi kubwa. Upasuaji wa uso na taya unafanyika hospitali kubwa kama Bugando na Muhimbili, kwa hiyo rufaa kutoka hospitali zetu za mkoa, Kitete ya Tabora au Maweni ya Kigoma, iombwe mapema. Kwenye madai kuchelewa kuna gharama yake pia: upande wa pili utasema ulijiongezea hasara kwa kutotibiwa, na sheria inamtaka mwathirika apunguze hasara yake kadiri anavyoweza.

Picha zipigwe mara tu hali inaporuhusu. Usoni moja kwa moja, kulia, kushoto, na nusu upande kila upande. Mchana, kivulini, bila kipodozi, bila programu ya kulainisha ngozi. Picha moja iwe na rula iliyoshikwa karibu na jeraha. Rudia kila mwezi mahali palepale na umbali uleule. Simu iliyopiga isiuzwe na picha za asili zisifutwe, kwa sababu mahakamani utaulizwa nani alipiga, kwa kifaa gani na zimehifadhiwa vipi. Zilizozunguka kwenye makundi ya WhatsApp zinapoteza ubora na taarifa za lini na kwa kifaa gani zilipigwa. Ni vizuri mpigaji awe mtu mmoja tangu mwanzo, ili awe shahidi mmoja.

Risiti za mashine zinafutika. Karatasi yake ni ya joto, ukiiacha kwenye mkoba juani baada ya miezi michache ni nyeupe tupu. Siku hiyohiyo itoe nakala na uibane pamoja na cheti cha dawa kinachohusika. Tunza tiketi za basi au treni za kwenda kwenye rufaa, za mgonjwa na za msindikizaji, na risiti ya gesti. Kwa kipato, aliyeajiriwa anahitaji hati za mshahara na barua ya mwajiri inayotaja siku alizokosa kazini. Mama lishe, fundi cherehani au muuza dagaa aonyeshe leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali, taarifa ya miamala ya simu ya miezi ya kabla ya ajali, na barua ya mtendaji wa mtaa. Taarifa ya miamala ina nguvu kuliko barua, maana haikuandikwa kwa ajili ya kesi.

Kituoni polisi, chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), kisha namba ya jalada likishafunguliwa. Kwa afande anayepeleleza ulizia vitu vitatu: mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, na jina la mmiliki wa gari kwa usajili, sio la dereva tu. Mmiliki ni muhimu kwa sababu dereva aliyetumwa kazini anambebesha mwajiri wake dhima, na mara nyingi dereva hana kitu. Kuhusu bima, usiridhike na maneno tu. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), utaona kampuni, aina ya bima na tarehe zake. Linganisha na tarehe ya ajali, halafu hifadhi ukurasa ule.

Fuatilia kesi ya barabarani kama ni yako, hata kama mlalamikaji ni Jamhuri. Ikiishia kwenye faini ya papo kwa papo, utabaki bila hukumu ya kupeleka kwenye madai yako. Dereva akitiwa hatiani mahakamani, muda wa rufaa ukishapita Sheria ya Ushahidi inaichukulia hukumu ile kuwa uthibitisho kamili wa kosa lake, kwa hiyo kwenye madai hamrudii kubishana nani alikuwa mzembe. Omba nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama. Pia kabla adhabu haijatolewa, mwombe mwendesha mashtaka aieleze mahakama kuhusu fidia, kwa maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kumwamuru mshtakiwa amlipe aliyeumia. Kwa waliochanwa usoni kwenye ugomvi njia hii mara nyingi ndiyo pekee iliyo karibu, kwani hakuna bima ya chupa wala panga.

Sasa kovu, na hapa ndipo ningependa kila mtu asome polepole. Kovu la usoni linaendelea kubadilika kwa miezi 6 hadi 18. Mwanzoni ni jekundu na gumu. Baadaye linaweza kulainika, kuwa jeusi kwa jua, au kuvimba na kuwa keloidi, jambo ambalo ngozi zetu zinalo sana. Anayelipwa mwezi wa pili analipwa kwa kovu ambalo hakuna anayejua litakuwaje. Upande mwingine, Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 3 kufungua shauri la uzembe, na kampuni ya bima haipendi kushtukizwa. Kwa hiyo tulitoa taarifa mapema na hesabu tukaileta baadaye. Barua ya taarifa kwa kampuni na kwa mmiliki iende wiki za mwanzo: tarehe, mahali, namba ya gari, namba ya RB, aina ya majeraha, na sentensi kwamba kiasi kitafuata baada ya ripoti ya mwisho ya daktari. Mpokeaji agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kama ofisi yao iko Dar es Salaam tu, tuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, na utunze risiti.

Ripoti ya mwisho tuliiomba kovu lilipokaribia mwaka na kuacha kubadilika. Mwombe daktari bingwa aeleze urefu na upana kwa milimita, rangi, kama limeinuka au limezama, kama linaonekana kwa mtu aliyekaa mbele yako mnaongea, kama kope inafunga yote, kama mdomo unapinda mtu akicheka, ganzi imebaki wapi, mdomo unafunguka milimita ngapi. Aseme wazi kama ulemavu ni wa kudumu na akadirie matibabu yajayo: marekebisho ya kovu, meno ya bandia na kubadilishwa kwake. Meno ya bandia hayadumu maisha. Kwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kudai seti moja ni kumdhulumu.

Hesabu ya madai ina mafungu mawili na yasichanganywe. Fidia mahsusi ni fedha iliyotoka au iliyokosekana: matibabu, nauli, kipato. Kila shilingi itajwe na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, na mahakama za chini zinaifuata mpaka leo. Fidia ya jumla ni ya maumivu, sura kuharibika na maisha kubadilika. Hiyo haina risiti, hakimu anaipima kwa busara yake akiangalia umri, kazi, ukubwa wa kovu na linavyomwathiri mtu. Ndiyo maana maelezo ya maisha yasidharauliwe: muuzaji wa dukani aliyehamishiwa stoo, mwalimu anayefunika mdomo akifundisha, binti aliyeacha kwenda kwenye kwaya. Yaandikwe na mashahidi wanaomfahamu, kwa majina na tarehe.

Kampuni nyingi hutoa ofa ya mapema, na karatasi inayokuja nayo huitwa dischaji vocha. Ukiisaini umekiri kwamba umelipwa kikamilifu na hutadai tena kutokana na ajali hiyo. Sisi tulirudisha ya kwanza na barua fupi: tunashukuru, tunaomba malipo ya matibabu yaliyokwisha fanyika pekee, bila kufunga madai ya sura. Walikataa, tukasubiri ripoti. Kama una dhiki na lazima upokee, angalau mtu asiye upande wao aisome kwanza. Nyaraka zote zikikamilika, kampuni inapaswa kulipa ndani ya siku 45. Ikikaa kimya, lalamika TIRA kwa maandishi ukiambatisha nakala zenye mihuri ya kupokelewa.

Mkishindwana, shauri linafunguliwa dhidi ya dereva na mmiliki. Kampuni ya bima inalazimika kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, kwa hiyo ijulishwe kabla hujafungua. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi inasikiliza madai ya aina hii hadi shilingi milioni 200, na kinachoangaliwa hapo ni fidia mahsusi, sio ya jumla. Malipo ya wakili yaandikwe kwenye karatasi kabla hajaanza. Asiye na uwezo aende kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Gari likiwa la Serikali, notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki lazima itangulie. Aliyeumia kazini, kwa mfano kwenye ujenzi wa reli ya SGR kati ya Tabora na Kigoma, aende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mwajiri anatoa taarifa ndani ya siku 7 na madai yasipite miezi 12. Mfuko hulipa matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa muda asioweza kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu kwa mkupuo ukiwa asilimia 30 au chini, au kwa pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi anadai kwa niaba yake, na miaka 3 huanza kuhesabiwa akifikisha utu uzima. Lakini PF3, eksirei na picha vitafutwe sasa hivi, na ripoti ya daktari itaje kwamba uso wake bado unakua, kwa maana kovu linaweza kuvuta kope au mdomo kadiri anavyorefuka na upasuaji ukahitajika zaidi ya mara moja. Malipo yakitoka yaingie kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina la mtoto, sio kwenye simu ya mjomba.