Fistula ya kifundo cha mkono ianze kabla ya aota

Jumatano, usiku

Madaktari wanaoingia mafunzo ya ubobezi wa upasuaji wa mishipa ya damu huja na hamu ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni: tumbo limefunguliwa, damu inatishia, mwalimu yuko pembeni. Hamu hiyo naielewa. Lakini ratiba ingekuwa mikononi mwangu, ningewaanzisha kwenye kifundo cha mkono, kwa ile kazi ambayo wengi huidharau: fistula, yaani kuunganisha ateri ya radiali (mshipa unaoleta damu kiganjani) na vena ya sefaliki (unaorudisha damu moyoni) ili mgonjwa wa figo apate mahali pa kuchomwa sindano za kusafishia damu. Brescia, Cimino na wenzao wa New York waliichapisha mwaka 1966. Mpaka leo, kwa mgonjwa mwenye vena nzuri, fistula ya namna hii huleta maambukizi machache kuliko mpira wa kusafishia damu unaowekwa shingoni.

Nusu ya matokeo huamuliwa kabla ya kisu. Mfunge mgonjwa mpira juu ya kiwiko, chumba kisiwe cha baridi (baridi hubana vena na kukudanganya), kisha upime kwa altrasaundi. Vena isiyofika milimita 2 hata baada ya kufungwa mpira, iache; nenda mkono mwingine au panda kiwikoni. Ateri nayo ifike angalau milimita 2, na isiwe imejaa chokaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari. Bana ateri zote mbili za kifundo, mgonjwa akunje na kukunjua ngumi mpaka kiganja kipauke, kisha achia ya upande wa kidole kidogo: wekundu usiporudi ndani ya sekunde chache, ateri ya radiali usiiguse. Halafu fuata vena mpaka chini ya mtulinga. Mgonjwa aliyewahi kuwekewa mpira wa kusafishia damu huko huweza kuwa na vena iliyosinyaa, na mkono utavimba siku chache baada ya fistula yako nzuri.

Hapa kuna ugomvi wa kila siku na wodi. Mgonjwa ambaye figo zinaelekea kushindwa hatakiwi kuwekewa dripu wala kutolewa damu kwenye mkono wa mbele. Mgongo wa kiganja upo. Kila kanula kwenye mkono wa mbele ni kovu utakalolikuta baadaye.

Upasuaji wenyewe hufanyika kwa ganzi. Mchano wa sentimita 3 au 4 kati ya mishipa miwili unatosha. Vena iachiwe urefu wa kutosha kuinama bila kukunjika, matawi yafungwe, na kabla ya kuihamisha, piga mstari wa wino usoni mwake. Bila mstari huo ni rahisi mno kuishona ikiwa imejipinda. Isukumie maji ya chumvi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) taratibu, uone inavyotanuka. Tundu la ateri liwe milimita 6 hadi 8. Kiwikoni ishia 4 au 5, kwa sababu ateri ya pale ni kubwa na tundu pana hunyima kiganja damu.

Uzi ni Prolene 7-0 wenye sindano mbili. Upande wa ateri, sindano itoke ndani kwenda nje. Ukichoma kutoka nje unausukuma utando wa ndani mbali na ukuta, unanyanyuka, damu inaingia nyuma yake na mshipa unaziba. Koleo nalo lishike tabaka la nje tu, kamwe lisibane ukingo mzima. Daktari mpasuaji Mfaransa Alexis Carrel aliyaeleza maungano ya mishipa mwaka 1902, na uangalifu wa ukingo haujapitwa na wakati. Kabla ya fundo la mwisho, legeza kibanio cha ateri kwa sekunde moja ili hewa na madonge yatoke.

Kisha weka kidole. Unatafuta mtetemo usiokatika, kama simu iliyo kwenye mtetemo ndani ya mfuko. Ukikuta mapigo makali bila mtetemo, mbele kuna kizuizi: mkunjo, mpindo au vena nyembamba. Fungua palepale, usijipe moyo kwamba kesho itakuwa sawa. Usipopata chochote, huenda ateri imejibana. Dondoshea papaverini, dawa ya kulegeza mshipa, subiri kidogo, ndipo uamue.

Wiki ya 6 ndiyo mtihani wenyewe: kipenyo milimita 6, kina kisichozidi milimita 6 chini ya ngozi, damu mililita 600 kwa dakika. Fistula isiyokomaa mara nyingi imesinyaa sentimita chache juu ya maungano, pale vena ilipogeuzwa, au kuna tawi linaloiba mtiririko. Kasoro zote mbili hurekebishika kwa puto au kwa fundo moja la uzi, mradi mtu amezitazama. Kiganja cha baridi chenye maumivu wakati wa kusafishwa damu hakisubiri kliniki ijayo.

Tatizo ni kwamba daftari la mafunzo huhesabu upasuaji uliofanyika, si uliofanya kazi. Ningeongeza safu nne: kipenyo, kina, mtiririko, na tarehe ya sindano ya kwanza. Fistula ambayo safu hiyo ya mwisho iko tupu, mwanafunzi asihesabiwe.