Noeli, Bonane na vifuniko mfukoni

Hapa Lubumbashi, kuanzia Noeli hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya, kukataa bia ni kama kukataa mkono wa salamu. Mimi sikukataa. Nilichochoka nacho ni kule kuamka saa tisa usiku, moyo unadunda, mdomo mkavu, na huzuni inayokaa hadi kesho yake jioni.

Tangu mama afariki, nyumbani tulisema huzuni ya Desemba ni ya mama. Nesi mmoja tunayesali naye akanifungua macho. Pombe, alisema, hutuliza ubongo mwanzoni, nao ubongo hujibu kwa kujichangamsha. Pombe ikishapungua mwilini, ule uchangamfu unabaki: usingizi unakatika, wasiwasi unapanda. Basi sehemu ya huzuni ilikuwa ya mama kweli, hiyo siigusi. Sehemu nyingine ilikuwa ya chupa.

Na chupa zetu si ndogo. Ile kubwa ya karibu sentilita 70, yenye kilevi cha asilimia 5, inabeba gramu 28 hivi za alkoholi safi. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ukianza saa mbili usiku ukamaliza chupa tatu, kunaweza kukucha pombe bado imo mwilini.

Tabu ni kuzihesabu. Kwenye nganda, yaani baa, za Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, glasi haifiki chini, jirani ameshaongeza. Mwenyewe utaapa umekunywa moja na nusu. Nikaanza kuweka kifuniko cha kila chupa yangu mfukoni, na kiganja juu ya glasi kila mtu aliponyanyua chupa yake. Baba mdogo alinitazama.

“Weye, unaumwa?”

“Hapana, baba. Ninakunywa. Ila yangu namimina mwenyewe.”

Akacheka, akaendelea na mpira wake. Nilitegemea ugomvi, kumbe watu wanataka tu uwe mezani na glasi yenye kitu. Vifuniko viwili vikigongana mfukoni, nahamia munkoyo ya shemeji, kinywaji cha mahindi, ile ya jana, kwa sababu ikikaa siku kadhaa nayo inachachuka. Na siendi nganda kabla ya bukari (ugali) na samaki. Tumbo tupu hupeleka pombe kwenye damu haraka mno.

Kilichosaidia zaidi, naona, hakikuhusu chupa. Nilimwomba yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, tumzungumzie mama mchana wa Noeli, kabla bia ya kwanza haijafunguliwa. Miaka mingine jina lake lilikuwa linatoka saa sita usiku, watu wamelewa, mmoja analia, mwingine anatafuta wa kugombana naye. Safari hii tulikumbuka alivyokuwa akituficha pesa za shule ndani ya gunia la unga, tukacheka mpaka chakula kikapoa. Usiku nililala hadi jogoo.

Jirani yangu alitaka kuiga. Ila yeye hunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza. Huyo nilimkataza kuacha ghafla peke yake, maana mwili uliozoea hivyo unaweza kupatwa na degedege, hata kifo. Na vidonge vya usingizi alivyokuwa anameza juu ya bia ni hatari vilevile: viwili hivyo pamoja hupunguza pumzi. Alienda kituo cha afya Januari, mke wake akamsindikiza.