Nilivyoifanya GPS ya zamani ya Palm iongee na laptopu

Kama una kile kidude cha GPS kilichokuwa kinavalishwa kwenye Palm, zile kompyuta ndogo za mkononi za kalamu za miaka ya 2000 mwanzoni, usikitupe aisee, hata kama Palm yenyewe ilishakufa siku nyingi. Mimi changu nilipewa na mzee mmoja jirani yetu hapa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa mpima ardhi, Palm yake betri imevimba kioo kimejaa madoa ila GPS ilikuwa nzima kabisa, unaweka betri mbili ndogo za AAA taa inawaka. Nikamwambia mzee naomba nijaribu kuiunganisha na laptopu, akasema chukua mwanangu, hapa inakaa tu.

Na nilikuwa naihitaji kweli, maana mimi na wenzangu huwa tunazunguka kuchora mitaro na vivuko upande wa bonde la Msimbazi ili mvua zikija ijulikane maji yanapita wapi, na simu ndo ilikuwa kila kitu, ramani humo, picha humo, GPS humo, ikifika mchana chaji kwisha. Nilitaka laptopu ijue yenyewe iko wapi, nukta itembee kwenye ramani ndani ya QGIS, ile programu ya bure ya ramani.

Kazi yote iko kwenye pini. Chini ya kidude kuna pini nyembamba zimejipanga na waya wake dukani huupati tena. Wengi hapo wanakimbilia ule waya wa USB wenye kichwa cha pini 9, lakini ule ni wa RS-232, mtindo wa zamani wa kompyuta kutumiana taarifa, umeme wake unapanda chanya na kushuka hasi, wakati baadhi ya vidude vya kuvalisha vinatumia volti 3 na kitu tu na alama zake zimegeuzwa ukilinganisha na RS-232, kwa hiyo ukiunganisha moja kwa moja unapata takataka au hupati kitu. Pima kwanza. Nilichukua mita ya kupimia umeme, waya mweusi nikaushikiza kwenye upande wa hasi wa betri, mwekundu nikawa nagusa pini moja moja. Nyingi zilisoma sifuri, moja ikasoma volti 3 imetulia tuli, halafu kuna moja nayo iko kama volti 3 lakini kila baada ya sekunde inashuka kidogo inarudi, inashuka inarudi, yaani kama inapumua. Hiyo ndo inayoongea, kwa sababu GPS za aina hii zinatoa taarifa kila sekunde. Ingekuwa RS-232, hiyo pini ikiwa imetulia mita ingesoma hasi, hapo ndo ule waya wa pini 9 ungefaa.

Baada ya hapo Kariakoo. Kinachotakiwa ni kile kibodi kidogo cha USB (yaani bodi ndogo ya umeme, siyo kibodi ya kuchapia) chenye chipu ya CP2102, ukisema USB ya TTL, yaani ya volti ndogo, baadhi ya maduka watakuelewa, ukisema kile cha kuflashia ving'amuzi wanakutolea hapo hapo. Waya ni mbili tu, hasi ya GPS kwenye GND (hasi ya kibodi), pini inayoongea kwenye RXD (pini ya kupokea), basi. Umeme niliacha itumie betri zake, ule wa volti 3.3 unaotoka kwenye kibodi ni mdogo na GPS za zamani zinakula sana. Fundi simu wa pale mtaani alinichomelea kwa risasi kwa mkono uliotulia sana, pini zile zinakaribiana mno, halafu akamwagia gundi ya moto juu ili waya zisitikisike, na nakushauri usiruke hiyo gundi maana kitu hiki kinaenda kutembea kwenye begi.

Sasa upande wa Windows kuna jambo moja lazima ulijue. Ukiwasha laptopu huku GPS imechomekwa na inaongea, Windows inaweza kudhani ni mausi ya zamani ya siriali, zile za kabla ya USB, mshale unaanza kurukaruka wenyewe, unafungua mafaili hovyo, mtu anaweza kudhani kaingiliwa na virusi. Dawa yake chomoa, mshale utulie, chomeka tena, nenda Device Manager (orodha ya Windows ya vifaa vyote) kwenye orodha ya mausi, utakuta kimoja kimeandikwa Serial BallPoint, kizime. Usikifute, ukikifuta kinarudi, wewe kizime tu.

Kisha nikafungua PuTTY, programu ya kusomea taarifa zinazoingia, nikachagua ile COM ya kibodi (jina la mlango ambalo Windows imekipa), spidi 4800, na mistari ikaanza kushuka. Ni maandishi ya kawaida kabisa, ndo uzuri wa NMEA, lugha ya kawaida ya GPS, kila mstari unaanza na alama ya dola, $GPGGA, $GPRMC. Kwenye $GPRMC baada ya saa kuna herufi moja, ikiwa V bado haijajua iko wapi, ikiwa A imeshajua. Ndani chini ya bati ilikaa V tu. Nikatoka nayo uwanjani penye anga wazi nikasubiri, na hapo uvumilivu unahitajika kwa sababu kidude kilicholala miaka kinabidi kijifunze upya satelaiti ziko wapi, na taarifa hiyo nzima satelaiti inachukua dakika 12 na nusu kuituma. Ile V ilipogeuka A, na pembeni yake 0649 na S, 03913 na E, nilifurahi mno! Ila angalia, 0649 siyo nyuzi 6.49, ni nyuzi 6 dakika 49, hizo dakika unagawa kwa 60.

Tarehe ilisoma 2005. Usishtuke, GPS inahesabu wiki hadi 1024 inaanza upya, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na vidude vya zamani vinarudi nyuma karibu miaka 20. Mahali inasoma sawa, tarehe tu ndo usiichukue, mimi muda naandika wa laptopu.

Ndani ya QGIS unafungua paneli ya GPS, unachagua ile COM, unabonyeza kuunganisha, nukta inakuja. Kama unaweka chini yake ramani za zamani za upimaji za Tanzania, hizo zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960 na GPS inatoa wa WGS 84, tofauti ni kama mita 300, kwa hiyo iambie QGIS kila ramani ni ya mfumo gani, la sivyo mtaro wa Kigogo utauona umehamia mtaa mwingine. Wiki hii tunapita nayo kutoka Kigogo kushuka Jangwani, laptopu kwenye begi, GPS nimeifunga kwenye mkanda wa begani iangalie juu.