Nilivyoacha kugombana na shemeji kuhusu safari ya mwezini

Mimi na shemeji yangu tumegombana kuhusu mwezi karibu miezi saba, tena kwenye grupu la familia. Yeye anasema hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga kule, ile ni sinema imepigwa studio basi. Mimi nikajifanya mzee wa ushahidi. Akisema neno, namrushia linki, akijibu, linki nyingine na skrinishoti nimezungushia duara jekundu, juu yake naweka vile viemoji vya kucheka mpaka machozi, na mama yangu yumo humo humo, ambaye kwake yeye ni mama mkwe. Sasa nani atakubali amekosea huku anachekwa mbele ya mama mkwe? Hilo sikuliwaza kabisa, mi nilikuwa nahesabu magoli.

Kilichonizindua ni aibu yangu mwenyewe. Usiku mmoja nikaandika kwa mbwembwe kwamba wanaanga wakiwa mwezini waliuona Ukuta wa China kwa macho yao, sasa wangeuonaje kama hawakufika? Shem akajibu neno moja tu: "Umejuaje?"

Nikasema huyu leo namalizana naye, nikaingia kutafuta linki. Dah. Kumbe ni uzushi wa zamani, watu walikuwa wanausema hata kabla hakuna aliyeruka kwenda anga za juu. Ukuta ni mrefu sawa, lakini upana wake ni mita chache tu na rangi yake inafanana na ardhi inayouzunguka, na mwezi uko mbali kama kilomita 384,000. Hata Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa na nchi yake mwaka 2003, ambaye alikuwa anazunguka karibu tu na dunia, alisema hakuuona. Yaani nilisikia kitu utotoni, kikanipendeza, nikakibeba mpaka ukubwani bila kukikagua hata siku moja, halafu ndo huyo huyo mimi nadai watu ushahidi.

Nilitaka kuifuta ile meseji, kidole kilishafika. Nikaghairi, nikaandika pale pale grupuni: "Shem nimecheki, ile ya ukuta nimekosea, siyo kweli." Kimya. Tiki za bluu zinaongezeka tu. Kesho yake asubuhi akanifuata inboksi, ndo mara ya kwanza tangu tuanze huo ugomvi, akasema sawa, hebu tuongee.

Inboksi kulikuwa tofauti kabisa kwa sababu hakuna wa kushangilia. Nikamuuliza, kwenye sifuri mpaka kumi, unaamini kiasi gani kwamba walifika? Akasema mbili. Badala ya kumshambulia nikamuuliza mbona siyo sifuri. Akakaa sana, baadaye akaandika kwamba ile roketi ya 1969 umati wa watu uliiona ikiruka, kwa hiyo kitu fulani kiliondoka kweli. Mimi hapo sijachangia neno, kajijengea hoja mwenyewe.

Tukakubaliana jambo moja kwa wakati mmoja, hamna kurukia lingine. La kwake kubwa lilikuwa picha: mbona anga nyeusi tii na hakuna nyota hata moja? Sikumpa linki. Nikamwambia leo usiku anga ikiwa safi, zima modi ya usiku kwenye simu, msimamishe mtu chini ya taa kali umpige picha na anga iwe nyuma yake. Akapiga, akanitumia, sura ya mtoto wake inaonekana vizuri, meno yote nje, nyuma giza tupu. Akaandika "ila nyota zilikuwepo nimeziona". Basi, na kule mwezini walipiga picha jua likiwa linawaka na mavazi meupe yanang'aa, kamera ikafunguka kidogo sana ili mwanga usizidi, nyota zikawa hafifu mno kushikwa.

Katikati hapo akataka tuwekeane dau. Nikakataa, na nikamwambia sababu. Alfred Russel Wallace, yule mwanasayansi aliyegundua uteuzi asilia (yaani viumbe wanaoendana na mazingira ndo wanaobaki na kuzaliana) sambamba na Darwin, mwaka 1870 aliingia dau la pauni 500 na mtu aliyeamini dunia ni bapa, anaitwa John Hampden. Wakapima mfereji mmoja Uingereza kuona kama uso wa maji umepinda, mwamuzi akampa Wallace ushindi, na Hampden hakuamini hata nukta, kwanza alimwandama kwa matusi miaka na miaka mpaka akamwandikia vitisho mke wake. Shem akacheka, akasema mimi siwezi kumtishia wifi. Haya.

Halafu nikaleta hoja niliyokuwa naitegemea sana, vile vioo vilivyoachwa mwezini na Apollo 11, 14 na 15, zile safari za Wamarekani, mpaka leo watu wanavipiga leza na mwanga unarudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Akanijibu: "Kioo si hata roboti inaweza kukipeleka?" Na ni kweli bana! Wasovieti walifanya hivyo hivyo 1970 na roboti yao Lunokhod 1. Zamani ningemzungusha, safari hii nikasema hapo umenipata, vioo peke yake havitoshi. Ndo nikaenda kwenye mawe. Luna 16, roboti ya Wasovieti, ilirudi na udongo wa gramu 101. Safari sita za Apollo zilizotua zilirudi na kilo 382, na mawe hayo yamegawiwa wanasayansi wa nchi nyingi. Hapo alipotea siku mbili.

Kurudi akasema yuko sita. Nne zilizobaki ni za serikali, haziamini kwa lolote, na hizo sijazigusa kwa sababu hata mimi zangu kwenye mambo ya serikali hazijafika kumi.

Juzi kanitumia voisi: "Shem, ile uliyofowadi mwaka jana kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, umejuaje?" Nimeenda kucheki. Nimerudi grupuni kuomba radhi mara ya pili.